Mwalimu Aliyeshindwa Kutamka Shahada

Mwaka wa tisini na moja dada yangu alichumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi ya Gatsata. Sisi tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, ambako baba alikuwa na kiduka cha ushonaji chenye cherehani tatu: yake, ya dada na yangu. Mwalimu alikuja mara ya kwanza kupunguziwa suruali mbili. Akarudi na nyingine ambazo hazikuhitaji kupunguzwa, na kufikia mwezi wa tatu baba akawa ameelewa.

Baba hakuwa mkali. Alimkaribisha chai akamweleza sharti lililokuwepo. Binti wa Kiislamu haolewi na Mkatoliki, kwa hiyo atamke shahada, apewe jina, siku ipangwe. Mtaani kwetu wengi walishafanya hivyo. Kulikuwa na fundi bomba aliyesilimu Alhamisi akaoa Jumamosi, wala hakuna aliyemhoji.

Mwalimu akaomba muda. Baba akamuuliza kama tatizo ni wazazi, kumbe wazazi wake walishafariki zamani. Nakumbuka jibu lake kwa sababu niliacha kukanyaga cherehani ili nilisikie.

"Mzee, nikisema leo kwamba nashuhudia, nitakuwa nashuhudia nini? Sijaona bado. Nataka kuamini, lakini kutaka peke yake hakunifikishi."

Baba hakuwa amewahi kusikia mposaji akisema hivyo. Akamwambia basi aje asome.

Akawa anakuja kila Jumamosi mchana, akitembea kutoka Gatsata hadi kwetu. Baba alimfundisha herufi za Kiarabu, kisha sura fupi fupi. Kazi kubwa haikuwa imani, ilikuwa r na l. Kiswahili cha mwalimu, kama cha watu wengi waliokulia katika Kinyarwanda, kilizichanganya hizo mbili, na baba hakuweza kuvumilia kusikia jina la Mola likitamkwa kombo. Walirudia mstari mmoja hata mara ishirini. Baada ya mwaka mmoja mwalimu alikuwa anasoma vizuri kuliko mimi niliyezaliwa katika Uislamu.

Siku moja baba alimwambia kwamba Mungu amempa kila mtu akili ya kuchagua. Mwalimu akamuuliza, kwa heshima kabisa, yeye alichagua lini. Baba aliendelea kupiga pasi. Babu yetu alikuwa mpagazi kutoka Tabora, alifika Kigali na Wajerumani akabaki. Baba alikuta dini nyumbani kama alivyoikuta lugha. Hatimaye alisema yeye alizaliwa ndani. Mwalimu akasema yeye alibatizwa akiwa na miaka saba, kwa kuwa shule ya kwao haikupokea mtoto asiyebatizwa. Alikwenda kutafuta kusoma, akaja kukuta anaamini.

Maneno hayo yalinisumbua. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na Ramadhani iliyofuata niliamua kujaribu. Nilijiambia kwamba leo siamini, nimechagua. Nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikanywa maji kikombe kizima. Kisha nikakaa nikisubiri nijione mtu mwingine. Nilichokiona ni kwamba Mungu ameniona. Nililia, nikailipa ile siku baada ya Idi, na sikumwambia mtu.

Dada hakuwa na subira na mazungumzo yale. Alimwambia mwalimu waziwazi kwamba wenzake wanatamka tu, wanaoa, na imani inawafuata baadaye ikitaka. Mwalimu akamjibu, "Nikianza kwa kudanganya mbele ya Mungu wako, wewe utaniamini kwa lipi?" Dada alikaa wiki mbili bila kumsemesha. Kisha akaamua kumngoja.

Miaka hiyo vita vilikuwa kaskazini, na redio ilikuwa ikisema kutwa. Tulikuwa na mteja mmoja, mama wa watoto wanne, ambaye tulimshonea sare za shule tangu mtoto wake wa kwanza. Mwaka wa tisini na tatu alikuja kuchukua sketi, akamwambia baba kwa sauti ya kawaida kwamba watu wa kabila la yule mwalimu wamechimba mashimo ya kutuzika sisi wengine. Baba akauliza nani ameyaona mashimo hayo. Akajibu kwamba kila mtu anajua. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, sikuupata. Alikuwa anaamini. Alikagua pindo, akashukuru, akaenda zake.

Aprili ya mwaka uliofuata ilipofika shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka. Mwalimu alikuja kwetu Jumatano kumsaidia baba kubadilisha mabati ya jikoni, mvua ikamzuia, akalala. Asubuhi yake ndege ya rais ilikuwa imekwisha kuangushwa, njia zimefungwa na mauaji yameanza.

Baba alichoma kitambulisho cha mwalimu kwenye jiko la makaa, kwa sababu kilionyesha kabila lake, lile lililokuwa likiwindwa. Akampa kanzu na kofia, akatuambia sote kwamba huyu ni mtoto wa shangazi yetu wa Kigoma na hajui Kinyarwanda. Tukaishi hivyo wiki nyingi, tukiongea Kiswahili tu hata tukiwa peke yetu, ili ulimi usije ukateleza.

Walikuja mchana mmoja, watu watano wenye mapanga. Mmoja wao nilikuwa nimemshonea shati. Waliuliza kitambulisho, baba akasema mgeni hana kitambulisho cha nchi hii. Aliyewaongoza akamwangalia mwalimu, akasema kama ni Muislamu asome. Mwalimu akasoma Alhamdu yote, kila r mahali pake na kila l mahali pake. Mtu yule hakutosheka. Akamtaka atamke shahada. Mwalimu akaitamka. Walikunywa maji wakaenda nyumba ya pili.

Mwalimu alikaa chini palepale mlangoni. Baba alikwenda kuinua cherehani waliyoiangusha, akaanza kuangalia kama sindano imevunjika.

Mwezi wa saba vita viliisha mjini. Majirani waliobaki walimpongeza mwalimu msikitini kwamba sasa ni ndugu yao. Wakasema ameshatamka na mashahidi wapo, kilichobaki ni kufungisha ndoa. Mwalimu aliwasikiliza bila kubisha. Baba ndiye aliyewajibu, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akipandisha sauti humo. Alisema shahada ile haihesabiwi, kwa sababu aliyeisema ni panga.

Wenzake wengi waliookolewa mtaani kwetu walisilimu miezi ile, na naamini walimaanisha. Mwalimu hakuweza. Alikwenda pia kanisani kwao. Ndugu zake wawili walikuwa wamekimbilia humo, wakauawa humo. Aliporudi alikaa kwenye stuli ya wateja akamsimulia baba kwamba amepiga magoti pale alipokuwa akipiga magoti siku zote.

"Sikuitupa imani, mzee. Nilikwenda kuitafuta, sikuikuta."

Baba alimshika bega. Siku chache baadaye alituita sote watatu. Alisema anampenda mwalimu kama mwanawe na angetamani kumwambia amwoe binti yake hivyohivyo alivyo. Amekesha akitafuta ndani yake mahali pa kuiona ndoa hiyo kuwa halali, hakupaona. "Nimejaribu kukubali, nimeshindwa," alisema. "Wewe utanielewa kuliko hawa." Mwalimu akasema anamwelewa. Nilimwona baba ameona aibu, na sikujua alikuwa anamwonea aibu nani.

Dada ndiye aliyeamua. Mwezi wa kumi walioana kiserikali katika ofisi ya komini, mbele ya karani aliyekuwa na meza bila kiti. Mimi nilikuwa shahidi. Baba alibaki dukani akishona, ingawa hakukuwa na mteja hata mmoja wiki ile. Tuliporudi alifunga mlango wa duka, akawapikia pilau mwenyewe, akawapakulia, akakaa nao mpaka wakamaliza. Hakuwaombea dua kwa sauti. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Walihamia Gisozi, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mwalimu alirudi kufundisha. Watu walimuuliza yuko dini gani, naye aliwajibu kwamba hana, kwa sauti ileile aliyotumia kusema hana sukari. Dada aliendelea kuswali. Sikuwahi kusikia wakigombana juu ya hilo.

Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kike. Baba alipanda Gisozi asubuhi hiyohiyo. Mtoto alikuwa na saa tatu duniani, bado amefumba macho. Baba akasimama kuelekea kibla, akauliza kama anaruhusiwa, mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha mwalimu akamshika mtoto vizuri, akamgeuza ili sikio la kulia liwe juu, na baba akainama akamwadhinia.