Mulango wa Papa njo ulikuwa adresi

Barafiki, leo mutu alivuka ziwa nzima kutafuta mulango wetu!

Munakumbuka dada yangu wa Lusaka aliandika kazi ya Papa, kutengeneza mabwato ya mbao ya ku ziwa, mu liste ya bafundi ku enterneti? Telefone hatuna. Kwa adresi aliandika tu: "Kashikishi, nyuma ya soko, nyumba ya mulango wa bluu."

Tulicheka sana. Mi wa kwanza.

Basi leo asubui mutu wa biashara, Mukongomani, anapita mbele ya nyumba mara tatu na karatasi mu mukono. Papa, mwenye miezi mbili hana kazi, anakaa pale pale. Anamusalimia kila mara!

Mara ya ine nikamuuliza: "Kaka, unatafuta nani?"

"Fundi wa mulango wa bluu."

Yesu wangu! Papa kila akimaliza bwato, rangi yenye kubakia anapakala ku mulango. Wa sasa ni kijani!

Karatasi, ndugu ya yule kaka aliitosha mu ordinatere, ile kompyuta, kule Lubumbashi. Lubumbashi, munasikia? Jina ya Papa iko pale, yote. Papa hajue kusoma. Aliishika na mikono mbili, nikamuonyesha ile jina, akaipapasa na kidole.

Bwato ya yule kaka inaanza kesho.

Nimekimbia ku bureau ya enterneti kuwaandikia, nimeacha Papa anapakala mulango bluu. Anasema hataubadilisha tena.

"Batu ba mbali njo vile banaujua."