Waridi la Jikoni

Nilikuwa na miwaridi sita na daftari moja. Daftari lilikuwa la shule, nililobaki nalo baada ya kuachishwa masomo, na kila mwaridi ulikuwa na kurasa zake. Niliyapa maua alama: za umbo, za rangi, za kikonyo, na za namna ua linavyokaa juu ya kikonyo chake. Harufu niliipa alama chache, kwa sababu sikujua namna ya kuipima, na kitu nisichoweza kukipima kilikuwa kikininyima usingizi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wasichana wenzangu walikuwa wakikosa usingizi kwa mambo mengine.

Ulioshika nafasi ya kwanza uani kwetu Nguvumali ulikuwa mwaridi mwekundu. Kijiti chake nililetewa na mzee mmoja Mshambaa, Mlutheri, aliyetunza bustani ya meneja wa shamba la mkonge. Aliwahi kufanya kazi pamoja na marehemu baba, na baadhi ya Jumapili alipita kutusalimu akitoka kanisani. Ua la mti huo lilikuwa kubwa, limenyooka, na halikunukia hata kidogo. Nililipa alama za juu kabisa.

Wa mwisho ulikuwa mwaridi wa jikoni. Mama aliupanda kabla sijazaliwa, kando ya mlango wa jiko, na maisha yake yote ulikunywa maji yaliyooshewa vyombo na samaki. Maua yake yalikuwa madogo, rangi imepauka, petali zimesongamana kama nguo zilizofungashwa na mtu anayewahi basi, na shingo zao zililala. Shingo kulala ni dosari. Kitabu kilisema hivyo. Nililipa ua lile alama nne katika kumi, nikaona nimemfanyia mama hisani.

Kitabu chenyewe alinipa yule yule mzee Mshambaa. Bwana wake wa zamani alikiacha aliporudi kwao, na mzee alisema yeye hakihitaji. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwa miezi saba. Hakuna mtu aliyenifundisha, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea. Wakati ule nililiona hilo kuwa faida.

Mwaka huo dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa, wiki ya mwisho ya Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia. Mume alikuwa wa Moa, karibu na mpaka, na huko dada hakumjua mtu ila huyo mume, naye kwa picha. Dada si mtu wa kuomba vitu. Katika harusi nzima aliomba kimoja tu: kikuba chake, kile kishada cha asumini, rehani na waridi ambacho bibi harusi hukivaa kifuani, kifungwe kwa waridi la jikoni. Alisema angependa kuingia nyumba ya watu na kitu anachokijua.

Nilimweleza kwamba lile jekundu lingependeza zaidi. Nilimletea na daftari aone.

"Mdogo wangu," alisema, "sikukuuliza lipi zuri."

Basi nikamwahidi. Nilimwahidi si waridi tu, bali mawaridi yasiyo na kasoro, ya jikoni yakiwemo, kwa maana nilikuwa na nia ya kuyarekebisha. Mke wa mwenye duka, jirani yetu wa upande wa jiko, Mwislamu wa Kihindi ambaye wazee wake walitoka Kachi, alimwambia mama kwamba mawaridi yake yote ni yetu siku ya harusi. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaapa, mama alimshukuru, akamwambia mwaka huu tunayo ya kwetu.

Kitabu kilisema miwaridi ikatwe mwezi wa Machi, ikatwe sana, baridi inapokwisha na umande umeacha kuganda. Siku ya kwanza ya Machi niliamka alfajiri, nikatoka uani kutazama umande. Haukuwa umeganda. Nikachukua mkasi.

Mzee Mshambaa alikuwa ameniambia, Jumapili iliyotangulia, kwamba kwao Lushoto wanakata kweli, lakini huku pwani joto haliupi mti nafasi ya kulala, kwa hiyo mtu aondoe vijiti vikavu tu, vingine aviache. Nilimsikiliza kwa adabu. Nilijua kwamba kitabu hajakisoma.

Nilikata yote sita mpaka shibiri mbili kutoka ardhini, na kila mkato ulikuwa wa mshazari, juu ya jicho la chipukizi linalotazama nje. Mama alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchele. Aliuliza kama miti inaumwa. Nikamjibu kwamba inatayarishwa. Akaendelea kuchambua mchele.

Kisha nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia masikio yakipata moto. Nilichukua kitabu nikaenda kwa jirani, nikamsomea ukurasa ule ule, nikimfasiria sentensi baada ya sentensi. Miwaridi yake ilikuwa mirefu, imepinda, imefungwafungwa kwa vitambaa vya zamani, na maua yametapakaa kila upande. Nilimwambia kwamba inamsikitisha mtu anayejua. Alinikaribisha chai.

Wiki tatu baadaye machipukizi yalitoka, mekundu, yenye afya. Wiki ya nne palikuwa na majani. Wiki ya tano, zikiwa zimebaki siku nne harusi ifike, palikuwa na vitumba ukubwa wa choroko. Nilirudi kwenye kitabu. Hakikueleza muda unaopita kati ya mkasi na ua. Huenda ulielezwa katika zile kurasa walizokula mchwa. Nilianza kuimwagilia miti maji ya vuguvugu ili iharakishe. Haikuharakisha.

Shangazi aliwasili kutoka Mwera, kwa kuwa yeye ndiye mfungaji wa vikuba wa ukoo wetu. Aliuzunguka ua wetu wa nyuma mara moja, akasimama mbele ya miti yangu.

"Hii nani kainyoa?" aliuliza. "Imekuwa kama watoto wa chuo cha Kurani."

Wanawake wote walicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza, mbele ya shangazi, kama mawaridi yatakuwapo. Nilijibu kwamba yatakuwapo. Nilisema uongo, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Dada alikuwa ndani, anasingwa mwili kwa liwa ya kunukia, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia jibu langu akaliamini, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Nilikwenda kwa jirani kwa mlango wa nyuma, ili mama asijue kwamba naomba kile alichokikataa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua kinywa niliiona miwaridi yake. Ilikuwa na urefu wa shibiri mbili. Mikato yote ya mshazari.

"Nilifanya kama ulivyonisomea," alisema. "Siku ile ile. Hebu tazama kama nimepatia."

Nilitazama. Alikuwa amepatia. Nilimwambia hivyo, kisha nikaketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa nikalia, nikamweleza yote, pamoja na yale maji ya vuguvugu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kwa nini tusitumie yale yetu ya huku nyuma.

Nilimfuata nyuma ya bafu lake. Tawi la mwaridi wa jikoni, ambalo sikupata kulijua, lilikuwa limepenya chini ya uzio wa makuti, likapanda ukuta wa bafu, na likakaa huko mwaka mzima likinywa maji ya kuogea. Lilikuwa na maua kumi na moja. Yote yalilala shingo. Matatu yalikuwa yameliwa na wadudu.

Nilimuuliza kwa nini hili hakulikata.

"Si langu," alisema. "Mti ni wa mama yako. Ulinisomea nikate yangu."

Usiku wa kuamkia harusi hatukukata kitu. Nililiacha tawi mpaka asubuhi, maana shangazi alitaka petali zenye umande. Nilimpelekea maua yote kumi na moja kwenye sinia. Njiani nilisimama, nikayatoa yale matatu yaliyoliwa, nikayarudisha, nikayatoa tena. Mwishowe niliyarudisha, kwa sababu bila hayo kikuba kisingejaa. Shangazi aliyapukuta yote pamoja bila kutazama lipi lina tundu, akayachanganya na asumini na rehani. Kilipatikana kikuba kimoja tu. Mama alilitazama sinia, akatazama uzio, akanitazama mimi. Nilimwambia ukweli palepale, kwa sauti ndogo. Akasema nikamshukuru jirani kwa niaba yake yeye pia.

Dada alikuwa na ushungi usoni, haoni. Shangazi alipombandika kikuba kifuani, dada alivuta pumzi mara moja.

"La jikoni," alisema.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani miwaridi yangu yote sita ilichanua kwa pamoja, imenyooka, sawasawa na picha za kitabuni. Hatukuwa na harusi ya kuivalia. Sikuyapa maua alama.

Baada ya Idi dada alituma salamu kutoka Moa, akaomba kijiti cha lile tawi. Nilikwenda kumwomba jirani ruhusa. Akasema nikamwombe mama. Nilikipanda kwenye kopo, kikashika, nikampa mtu wa basi pamoja na maelezo ya kurasa nne. Dada alinijibu kwamba kijiti kimefika. Amekipanda anapomwaga maji ya vyombo. Maelezo, alisema, atayasoma akipata nafasi.