Majina Mbele ya Bendera

Ujumbe wa Prefe Magloire ulimkuta Marcelline akipepeta mpunga. Ijumaa wageni wa mradi wa kuwasikiliza vijana walioumizwa na vita wangefika kutoka Kindu, kwa hiyo mkuu huyo wa shule alitaka aletewe kaye, daftari lenye majina ya wanafunzi wote ambao Marcelline amewasikiliza tangu mwaka wa shule uanze. Majina yangesomwa asubuhi, mbele ya bendera. Marcelline alimwuliza mjumbe mara mbili kama kweli prefe amesema mbele ya bendera. Kisha akajifunga kitenge, akachukua kaye, akapanda kilima cha shule na makapi yakiwa bado kichwani, na waliomsalimu njiani hawakuitikiwa.

Miaka miwili nyuma, jina la binti yake lilisomwa pale pale.

Darlène alikuwa darasa la tano la sekondari. Familia ilikuwa imekimbia vita Wamaza na kuja Kasongo kwa miguu, na yale aliyoyaona njiani yalikataa kubaki njiani. Darasani alitaka kukaa karibu na mlango. Mlango ukibamizwa, yeye alikuwa chini ya meza kabla wenzake hawajageuza shingo. Mwalimu mmoja aliyepata mafunzo ya siku tatu ya kusikiliza vijana alimwita, akamsikiliza vizuri, na siku hiyo Darlène akarudi nyumbani akala sahani nzima. Marcelline alimshukuru Mungu kwa ajili ya sahani ile. Halafu mwalimu akapeleka jina kwa prefe, maana ndivyo fomu ya mafunzo yale ilivyotaka. Prefe huyo kila Jumatatu husoma majina ya waliofanya vizuri darasani, basi akaona ni heshima kusoma pia ya "watoto wanne waliokubali kutibiwa mawazo". Darlène alikuwa wa tatu.

Tangu hapo, kila bendera ilipopandishwa kuna aliyemnong'oneza: "Darlène, angalia, dawa yako inapanda." Wakamwita Mgonjwa wa Bendera. Akaacha shule. Siku ya kumi na tisa tangu jina lake lisomwe, alijiua. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mchungaji alisema jeneza lisiingie kanisani. Marcelline, aliyekuwa akifagia kanisa lile kila Jumamosi, alimwombea mwanawe nje, juani, na jamaa wachache. Hajaacha kusali, ila sala zake zimebadilika; nyingine ukizisikia utafikiri mtu anagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Na watu wakaacha kumwita Mama Darlène. Wakamhamishia jina la mdogo wa marehemu, wakawa wanasema Mama Victoire, kwa huruma, eti wasimtoneshe kidonda. Yeye alisikia kana kwamba wanamzika mtoto mara ya pili.

Mradi ulipotafuta wazazi wa kufundishwa kusikiliza vijana, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Wengine walisema anakula juu ya kaburi la mwanawe. Alifundishwa kuuliza kidogo na kunyamaza sana, na asikimbilie kuhubiri, jambo lililomshinda kwa wiki nzima. Akapewa chumba shuleni, viti viwili na ufunguo. Wa kwanza kubisha mlango alikuwa Malaika, binti wa miaka kumi na tano. Kaka yake alipigwa risasi kwenye njia ya Salamabila, yeye akiwa nyuma yake kwenye pikipiki. Kabla ya kusema lolote, Malaika aliuliza, "Mama, utaandika jina langu?"

"Sitaandika."

Ndiyo maana kaye aliyoifungua mbele ya prefe, alipofika kilimani, ilikuwa na vijiti kumi na kimoja vilivyochorwa kwa kalamu, kimoja kwa kila mtoto, na hakuna herufi hata moja. Prefe alivitazama, akageuza na ukurasa wa nyuma.

"Hii ni nini, Mama Victoire?"

"Ni watoto kumi na mmoja. Na mimi ni Mama Darlène."

Prefe akamweleza kwa upole kwamba wageni hawawezi kuamini vijiti. Wasipoona watu, mradi utafungwa, na watakaopoteza ni watoto. Akaongeza kwamba hata yeye alilia wakati ule wa msiba. Upole ule ulimwasha Marcelline kuliko tusi.

"Ulimusoma mutoto wangu katikati ya namba mbili na namba ine," alisema.

"Nilitaka wenzake wamupigie makofi, mama. Kwa roho safi kabisa."

"Walipiga. Nilikuwa naenda soko, nikasikia mpaka barabarani."

Prefe akainamisha macho, lakini akanyoosha mkono. Kama hakuna majina, alisema, basi arudishe ufunguo. Marcelline akauweka mezani, akachukua kaye yake, akatoka.

Ijumaa hakualikwa, na alikwenda. Alisimama na wazazi wengine kando ya uwanja. Wageni wawili walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, faili mapajani. Bendera ikapanda, wimbo ukaimbwa. Prefe, kwa kuwa hana majina, akapata njia nyingine: aliomba kila mwanafunzi aliyesaidiwa katika chumba cha kusikilizwa apige hatua moja mbele, wageni wamwone.

Hakuna aliyesogea. Prefe akarudia, safari hii kwa sauti ile ambayo mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuikaidi. Malaika alilelewa vizuri. Marcelline aliuona mguu wake ukianza kutoka kwenye mstari.

Hakuna anayekatiza uwanja wakati wa bendera. Marcelline aliukatiza. Alisimama kati ya prefe na wanafunzi, akampa prefe mgongo.

"Kila mutu abaki pahali pake," aliwaambia watoto.

Kisha akawageukia wageni. Aliwaambia kwamba watoto wapo, ni kumi na mmoja, na wakitaka sura wachukue ya kwake, kwa sababu yeye alishazika mmoja aliyeonyeshwa watu namna hii. Mgeni mmoja akafunga faili. Mwenzake akaomba wanafunzi waingie darasani.

Hakuna aliyeomba msamaha. Prefe aliandika barua kwamba mama yule asikanyage tena shuleni. Wageni waliahidi kulijadili jambo hilo Kindu, na mpaka leo wanajadili. Chumba kimefungwa, viti viwili vikiwa ndani.

Jumanne iliyofuata Malaika alifika uani kwa Marcelline, bado amevaa nguo za shule. Marcelline alikuwa anatwanga sombe ya muhogo, na anaitwanga vibaya, majani yanaruka nje ya kinu. Alijua anapaswa kuketi, aulize swali moja na kunyamaza. Hakuweza.

"Ngoja kidogo, mama," alimwambia binti. "Hasira ingali juu yangu. Siwezi kukusikia vizuri."

Malaika akachutama, akaokota majani yaliyoanguka, akayarudisha kinuni.

"Hata mimi niko nayo," alisema.

Marcelline akaegemeza mchi ukutani.

"Basi tuanze na hiyo."