Kobe Iliyotupita Bigwa

Mume wangu ni mpenzi wa magari. Kila Jumapili hukaa na wenzake pale wanapooshea magari, Kilakala, wakibishana majina ya mitaani ya magari: ipi ndiyo mkonga halali, ipi shangingi, na nani kaita kirikuu gari lisilo kirikuu. Ukikosea jina mbele yake, hata msibani, atakusahihisha.

Masika yaliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka kwetu milimani. Mama alikuwa anahema kwa shida tangu alfajiri.

"Tumepata usafiri," alisema, sauti ikikatikakatika. "Tunashuka na kobe. Tusubirini Bigwa, mtuongoze hospitali."

Simu ikakatika, na nilipopiga tena hakupatikana.

"Kobe ni Volkswagen ya zamani, ile ndogo ya mgongo wa mviringo," mume wangu akasema. "Itashukaje kwenye tope lile?"

"Labda huko wanaita gari lingine."

"Kobe ni moja tu."

Tukaenda kusimama njia panda ya Bigwa. Nilishindwa kutulia. Nilivuka barabara, nikarudi, nikapiga simu, nikavuka tena. Malori ya ndizi yalipita. Kenta moja, lori dogo lenye turubai, ikaturushia tope. Mume wangu akaanza kunieleza ni toleo gani, nami sikumsikiliza. Macho yangu yalikuwa yanatafuta kigari cha mviringo.

"Wamekwama," nikasema. "Tuwafuate."

Tukapanda mlima na gari letu. Kila kona nilitegemea kuwaona wamesimama pembeni. Mwishowe nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza mananasi kando ya njia.

"Shikamoo mama. Umeona kobe ikipita na mgonjwa?"

"Marahaba. Imeshapita zamani, mwanangu."

"Ndogo, ya mviringo?"

"Ndogo wapi! Si ile Kenta ya turubai?"

Mume wangu akageuza gari. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, kama vile ningefika haraka zaidi kwa kukimbia.

Hospitali tulimkuta Mama amewekewa oksijeni. Mdogo wangu alikuwa amelowa hadi nywele.

"Nimewaona mmesimama!" akanifokea. "Nimewaita mpaka sauti imekauka. Dereva akasema hawezi kusimama, mgonjwa anazidiwa."

Mume wangu akatoka nje kumshukuru dereva, nikamfuata.

"Ikipanda mlima na turubai lake mgongoni, utasema kobe kweli," dereva akasema, akicheka.

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Nikamkazia macho.

"Asante sana kwa kobe yako, ndugu yangu," akasema.

Ilikuwa nimonia. Mama alilazwa, akapata nafuu, akakaa nyumbani kwetu mjini mpaka alipoanza kuulizia tangawizi zake shambani. Tukamrudisha. Sasa mvua ikinyesha milimani nampigia simu asubuhi, na asipopokea, chai yangu hupoa huku nikizunguka uani.