Jina Alilobaki Nalo Kaka

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mashuka, na kwa miaka ishirini na sita hakulalamika. Ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba doa la damu linaanza na maji baridi, maana ukitangulia na ya moto umelipika, halitoki tena. Alikuwa mjane, mama wa watoto wawili wakubwa, mtu wa maneno machache na kicheko cha ghafla.

Jina lililokuwa kwenye karatasi zake zote, tangu daftari la shule hadi cheti cha ndoa, lilikuwa la dada yake. Dada huyo alifariki kwa homa akiwa na miaka minane, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Bi Mashuka mwenyewe alikuwa na miaka sita na hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Baba yao, aliyeogopa ofisi kuliko moto, alichukua cheti cha marehemu, akamshika mkono, akampeleka kwa mwalimu.

"Kuanzia leo ukiitwa jina la dada yako, itika," alimwambia njiani.

Akaitika. Mwanzoni alikuwa akigeuka nyuma kutazama kama dada amekuja, baadaye akazoea. Hata mama yao alizoea. Aliyekataa ni kaka mkubwa peke yake. "Yule tumemzika," alisema. "Huyu ana jina lake." Alihamia ng'ambo, akaoa huko, akazeekea huko, na kila alipopiga simu alianza kwa kumwita jina lile la kuzaliwa, kabla hata ya salamu. Wazazi walipoondoka duniani, hakubaki mwingine aliyelijua.

Siku moja aliyepiga hakuwa kaka. Alikuwa mwanawe.

"Shangazi, madaktari wamesema tusingoje. Baba anakutaka wewe. Tiketi nimeshanunua, unaondoka Jumatatu."

Pasipoti na viza alikuwa navyo, maana walishapanga amtembelee kaka mwaka huo huo. Aliomba ruhusa kazini. Wenzake walimtania ili asilie: "Ukifika juu huko usimwambie dereva akushushe kituo kinachofuata!" Alicheka, akaifunga mashine yake, akaenda kupanga sanduku.

Kwenye uwanja wa ndege, msichana wa kaunta alitazama pasipoti, akatazama kompyuta, akarudia tena.

"Mama, tiketi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Mbona jina la kwanza si hili?"

Aliinama kutazama karatasi ya tiketi aliyoelekezwa kwa kidole. Hapo akaliona jina lake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuliona limepigwa chapa. Kwa sekunde chache alisahau alipo, akatabasamu.

"Ndilo langu," alisema.

"Na hili la kwenye pasipoti?"

Aseme nini? Kwamba ni la marehemu?

"Hilo pia ni langu."

Msichana hakuwa mkali. Alimwita msimamizi, wakanong'onezana, kisha akarudi na sauti ya upole. "Herufi moja ikikosewa tunarekebisha hapa hapa, mama. Lakini hili ni jina jingine kabisa. Kwetu huyu ni mtu mwingine. Lazima tiketi ifutwe, inunuliwe nyingine kwa jina la pasipoti."

"Basi niandikieni nyingine, niende."

"Ya leo imejaa. Yenye nafasi ni ya Alhamisi."

Alikokota sanduku hadi kwenye benchi akampigia mtoto wa kaka yake. Kijana alipumua kwa nguvu.

"Shangazi, mimi nilimuuliza baba mwenyewe jina lako. Nilijua anaumwa, lakini sikudhani angesahau jina la dada yake."

"Hakusahau, mwanangu. Hakukosea hata kidogo."

Akamsimulia yote, watu wakimpita na mizigo yao.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema kijana. "Sikukuomba picha ya pasipoti."

"Kosa hili limekuzidi umri. Nunua ya Alhamisi."

Jumanne walimwekea kaka simu sikioni. Alimwita jina lake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi. "Umefika?"

"Niko njiani, kaka."

"Usichelewe."

Jumatano asubuhi kaka alikata kauli. Mchana, simu ilipolia tena, Bi Mashuka aliitazama mezani bila kuigusa. Binti yake ndiye aliyepokea, na alipoanza kulia hakukuwa na haja ya kuuliza.

Alhamisi kila kitu kililingana. Mhudumu mwingine alimrudishia pasipoti, akamtakia safari njema kwa jina la dada yake. Ndani ya ndege alilia mpaka abiria wa jirani akamshika bega: "Usiogope, mama. Ndege hizi ni salama." Alimshukuru, akaendelea kulia.

Alikuta kaka ameshazikwa. Kaburini aliinama kuondoa vijiti vilivyoangukia udongo. Mtoto wa kaka, mwenye mabega yale yale ya baba yake, alimsogelea.

"Shangazi, nikuite kama baba alivyokuwa akikuita?"

"Hebu jaribu."

Kijana alijaribu. Alizaliwa huko, na ulimi wake ulilivuta pasipotakiwa kuvutwa; likatoka kama neno linalosomwa na mgeni. Akajaribu tena.

"Niite shangazi tu, mwanangu," alisema. "Shangazi inatosha."

Aliporudi nyumbani aliwaketisha watoto wake, akawaambia jina lake. Walishangaa, wakauliza maswali mengi, wakajaribu kulitumia siku mbili, wakitaniana kila walipokosea. Siku ya tatu walisharudi kwenye "mama". Hakuwalaumu. Kazini hakumwambia mtu; alivaa glavu, akafungua bomba la maji baridi, na mara moja moja, mashine zilipokuwa zikinguruma kiasi kwamba hakuna wa kumsikia, alilitamka mwenyewe.