Mwalimu wa Siku Salama

Katika parokia yetu hapa Wisconsin, ufukweni mwa Ziwa Michigan, hakuna wachumba waliofika altareni bila kwanza kupita mikononi mwa Leona Brzezik. Jumatatu jioni, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, ambao hunuka mafuta ya samaki hata ukiusugua vipi, aliwaketisha kwenye viti vya chuma akawafundisha njia ya asili ya kupanga uzazi. Mke apime joto la mwili kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, aliandike. Joto likipanda na kukaa juu asubuhi tatu mfululizo, yai limeshapita, na siku zilizobaki ni salama. Vijana wa kiume walitazama viatu vyao. Leona hakuwa na aibu, wala hakuwa na muda wa kushughulikia aibu za watu.

"Wewe unayecheka," alimwambia mmoja, "ukishakuwa na watoto saba na mshahara mmoja, njoo ucheke tena hapa."

Hakuyatoa hayo kitabuni. Mama yake alizaa watoto kumi na mmoja katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha karatasi, akafa amechakaa kabla nywele hazijamaliza kuota mvi. Leona alipoolewa na Stash, sista mmoja muuguzi alimfundisha mambo ya kipimajoto, naye akazaa watoto watatu aliowataka, kwa nafasi aliyoitaka. Stash alikuwa akikipasha moto kipimajoto mfukoni mwa pajama ili mkewe asishtuke na baridi. Kwake Leona njia ile ilikuwa zawadi ya Kanisa kwa wanawake kama mama yake, zawadi iliyochelewa kufika kwa mama yake tu. Ndiyo maana aliifundisha kwa ukali ule, na ukali wake ulikuwa wa mapenzi.

Basi majira ya baridi ya mwaka 2012 serikali ikatangaza kwamba bima ya afya lazima ilipie uzazi wa mpango, vidonge, vitanzi na yote, hata kwa wafanyakazi wa hospitali na vyuo vya Kanisa. Barua ya Askofu ya kupinga ilisomwa kwenye Misa. Leona aliiunga mkono kwa moyo wote. Ijumaa za Kwaresima, anapokaanga samaki wa kuuza kwa ajili ya parokia, alihutubia foleni nzima akiwa na mwiko mkononi.

"Serikali isiingize mkono chumbani kwangu," alisema.

"Chumbani kwako, Leona?" akadakia Wanda, rafiki yake aliyekuwa akipaka samaki unga. "Itakuta nini huko, zaidi ya rozari na soksi za marehemu Stash?"

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Leona naye alicheka. Hakujua kwamba jambo lile lilikuwa limeshaingia nyumbani mwake.

Kitinda mimba wake, Gerard, alikuwa amemwoa Corinne, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya parokia. Corinne alipomzaa mtoto wao wa kwanza, Emmett, moyo wake ulivimba ukalegea, ikawa hata kupanda ngazi ni kazi. Alipata nafuu, lakini daktari wa moyo hakumficha: mimba nyingine inaweza kumuua. Akamwandikia kitanzi. Bima ya shule, ambayo ni bima ya jimbo la Askofu, ikakataa. Kufunga kizazi nako haikulipia. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimempunguzia Gerard kazi, madeni ya hospitali yako mezani, na kitanzi cha kujilipia kilikuwa nje ya uwezo wao.

Bima ile ilikuwa na mlango wa uani, na walimu wote wa kike waliujua. Daktari akiandika kwamba dawa ni ya kutibu damu nyingi ya mwezi, inalipwa. Akiandika kwamba ni ya kuzuia mimba, hailipwi, hata kama mimba yenyewe ndiyo ugonjwa. Daktari wa Corinne aliandika kweli.

Corinne alikwenda kwa mkwewe siku moja baada ya Jumatano ya Majivu, akamkuta anasukuma unga wa pierogi, vile vitafunwa vya Kipolandi vya kujazwa viazi.

"Mama, nikimwomba daktari abadilishe maneno mawili matatu tu, watalipa."

"Maneno gani?"

"Aandike natokwa na damu nyingi."

"Na unatokwa?"

"Hapana."

Leona aliendelea kusukuma. "Basi ni uongo, mwanangu. Asubuhi unawafundisha watoto Amri Kumi wakapokee Komunyo ya kwanza, jioni unakwenda kudanganya?"

"Naogopa, Mama. Siogopi kidogo."

"Unaogopa nini na mimi nipo? Niletee joto lako kila Jumamosi, nitakusomea mwenyewe. Nusu ya parokia hii nimeisomea mimi."

Corinne alitazama mikono ya Leona kwenye unga, akakubali. Alikuwa amefiwa na mama yake akiwa mdogo, na tangu aolewe alimwamini Leona kwa kila kitu, kuanzia supu mpaka sala.

Kazi haikuwa rahisi. Dawa za moyo zilivuruga vipimo, na Emmett alimwamsha mama yake kila alipojisikia. Joto la Corinne lilipanda na kushuka bila mpango, na wiki baada ya wiki Leona alitikisa kichwa akasema bado. Gerard alihamia kwenye kochi la sebuleni, akawa anamtania mama yake kwamba yeye ndiye mwanamume pekee Wisconsin ambaye ndoa yake inaendeshwa na mkwe wa mkewe. Leona alimjibu avumilie. Mtu mwingine yeyote angeshaiona hatari: joto lisilosomeka halimlindi mtu. Leona aliiona pia, pembeni mwa jicho, lakini aliipuuza kwa sababu miaka yote ile njia yake haikuwahi kumwangusha.

Ikafika Juma Kuu. Parokia yetu ina desturi ya kukesha mbele ya Sakramenti Takatifu, kila mtu na saa yake, na saa ya Leona ni ya alfajiri. Mwaka ule samaki wa Ijumaa Kuu walikuwa wengi kuliko miaka yote, mgongo unamuuma, akamwomba Corinne amshikie zamu kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa. Corinne alikubali kwa furaha. Aliamka gizani siku zote tatu, akapiga magoti kanisani, akarudi, akajilaza, na kulipokucha akapima joto kama alivyofundishwa.

Jumamosi Kuu watu walileta vikapu vya Pasaka vibarikiwe, mayai, soseji na siagi iliyochongwa umbo la mwanakondoo. Leona alikuwa anapanga vikapu mezani, huku anaitwa, kule anaitwa. Corinne akamwonyesha chati. Joto lilikuwa limepanda Jumatano, likakaa juu Alhamisi, likakaa juu Ijumaa.

"Hatimaye," Leona alisema. "Salama. Mwambie mwanangu arudi kitandani kwake, na heri ya Pasaka."

Corinne aliona haya akacheka, akamkumbatia mbele ya vikapu.

Mwezi Mei, mama na mkwe wakiosha vyombo, Corinne alisema kwa sauti ndogo kwamba amepitisha siku zake na amepima. Leona alishika sahani chini ya maji. Akaanza kurudi nyuma kichwani, Pasaka, Ijumaa, Alhamisi, na alipofika kwenye saa ya alfajiri akaelewa. Mwili uliokatishwa usingizi, ukatembea kwenye baridi na kurudi, joto lake haliwezi kuaminika. Lilikuwa jambo la kwanza alilolifundisha kila mwaka, kabla hata ya kugawa vipimajoto. Tena ile saa alikuwa amempa Corinne yeye mwenyewe. Alifungua mdomo aseme, akaona jinsi msichana anavyotetemeka, akaufunga. Akamwambia, "Mungu atatushika mkono." Hakulisema siku ile wala siku iliyofuata, na kadiri siku zilivyopita lilizidi kuwa zito kulitamka.

Daktari alieleza hatari ilivyo, na njia iliyopo ya kuipunguza. Corinne alisema mtoto ameshakuja, hatamfukuza. Kwa hilo hakuyumba. Lakini usiku alilia, Gerard alisema, na kilio chake kilikuwa kile kile siku zote: Emmett atanisahau, bado mdogo mno.

Oktoba alikuwa anafundisha ameketi. Asubuhi moja alianguka mbele ya watoto wa darasa la pili. Helikopta ilimchukua mpaka hospitali kubwa, mtoto akatolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wake, wa kike, mwepesi kuliko mkate. Corinne alimwona mara moja kupitia kioo, akamwita Rosalia. Siku chache baadaye moyo wake ulisimama, wala haukurudi.

Bima ililipa kila kitu. Helikopta, upasuaji, mashine za Corinne, na zile wiki zote ambazo Rosalia alilala kwenye sanduku la kioo. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Baada ya maziko Gerard na watoto walihamia kwa mama yake. Kila Jumamosi alikwenda kuungama. Siku moja, akimpa Rosalia chupa, alisema bila kuinua macho, "Ningesubiri tu, Mama. Ningelala kwenye kochi mwaka mzima, ningekufa? Nilishindwa kumsubiri."

Hapo ndipo Leona alipopaswa kusema. Alinyanyuka akaenda kukoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

Januari akaja Shemasi Norbert, mtu mwema, ambaye kaburi la Corinne alilichimba pamoja na vijana kwa mikono yake kwenye ardhi iliyoanza kuganda. Parokia ilikuwa inaandaa jioni ya kutetea uhuru wa Kanisa, kwa sababu ubishi wa bima ulikuwa bado unawaka mahakamani na redioni. Alimtaka Leona azungumze.

"Watu wanahitaji kusikia habari za Corinne," alisema. "Alichagua uhai wa mtoto kuliko uhai wake mwenyewe. Wao wanasema mwanamke hawezi kuishi bila vidonge vyao. Sisi tunaye mtakatifu wetu, amezikwa hapo nyuma."

"Alichagua," Leona alirudia.

"Si kila mtu amepewa moyo kama ule."

Leona alikaribia kucheka, kwa uchungu, maana moyo ule ndio hasa uliokuwa umemwangusha. Alisema atakuja.

Ukumbi ulijaa siku ile. Leona alikuwa amewafunga ndoa, kwa namna fulani, nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Gerard alikaa safu ya mbele na Rosalia begani, Emmett akalala kwenye mapaja ya Wanda. Shemasi alimtambulisha, akasema maneno mazuri juu ya msichana aliyetoa vyote. Watu walipangusa macho. Leona alisimama, akaweka mikono juu ya meza.

"Corinne alipenda sana mtoto wake," alisema. "Mimba ilipoingia aliipokea. Hayo ni kweli. Lakini msiseme alichagua kufa. Alikuja jikoni kwangu kabla ya hayo yote. Alitaka kitanzi. Alitaka kuishi amlee Emmett. Bima yetu ilimkatalia, ikamwambia akitaka alipiwe aseme uongo, na mimi nikamwambia asiseme uongo, nitamlinda kwa njia yetu."

Shemasi alisogea. "Bi Leona, una majonzi. Hakuna anayekulaumu. Kaa, mama."

"Sijamaliza, Norbert." Alimwita hivyo kwa sababu alimfundisha katekisimu akiwa mtoto. "Njia yetu haikumfaa mtu mgonjwa kama yeye, na mimi nilijua, maana nani mwingine humu angejua? Kisha nikaisoma vibaya. Nilimpa zamu yangu ya kukesha siku tatu, joto likapanda kwa kukosa usingizi, nami nikamwambia ni salama. Mbele ya vikapu vya Pasaka. Mnataka kupigana na serikali, piganeni. Jina la Corinne msilibebe. Hakuwa upande huo. Alikuwa anaomba msaada, na alituomba sisi."

Wanda alikuwa analia waziwazi. Leona alijihisi mwepesi kwa pumzi moja, kisha akamwona mwanawe.

Gerard alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa mweupe, na aliongea polepole, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine ukumbini.

"Umelijua hili tangu lini, Mama?"

Angeweza kusema tangu juzi. Angeweza kusema tangu maziko, na hakuna ambaye angebisha.

"Tangu Mei," Leona alisema.

Gerard alitikisa kichwa taratibu, akihesabu Jumamosi zake zote za kuungama. Akaja mpaka mezani, akamweka Rosalia mikononi mwa mama yake kwa uangalifu, akaitengeneza shingo ya mtoto ili isiinamie. Halafu akapita katikati ya viti vya chuma, akafungua mlango, akatoka kwenye theluji bila koti.