Kigingi cha Laini Kubwa

Sururu ya kwanza ilitua jikoni kwangu, ugali ukiwa motoni. Vijana waliokuja kuchimba shimo la nguzo ya chuma walikuwa na adabu kabisa: "Shikamoo mama, tunaomba uondoe sufuria." Nikaondoa. Wakaangusha ukuta. Msimamizi wao akanionyesha kigingi chenye kichwa chekundu kando ya jiko.

"Mama, sisi tunafuata kigingi."

Nirudi nyuma kidogo. Laini hiyo ya umeme mimi mwenyewe niliipigia makofi. Injinia anayepanga njia alikuja hapa Buhongwa akatueleza kwamba huko upande wa Shinyanga jua linavunwa kwa mitambo, ila umeme wake hauna njia ya kutosha kufika Mwanza. Nikasema huyu kaongea. Friji langu la samaki linazimika kila linapojisikia, jua limejaa tele. Akatuonyesha ramani: laini itapita nyuma kule, katikati ya mawe, haigusi nyumba ya mtu. Mimi niliyekwisha kuvunjiwa nyumba barabara ilipopanuliwa nilimwomba arudie. Akarudia. Wakachomeka vigingi vya miti vyenye vichwa vyekundu, wakaondoka.

Jirani yangu mfugaji akaona amepata kigingi cha bure. Akafungia hapo dume lake la ng'ombe. Dume nalo likaona majani ya kwangu ndiyo matamu, likang'oa kigingi, likaja nacho likikiburuza. Jirani hakuhangaika kukirudisha. Akakigongomelea hapohapo, kando ya jiko langu.

"Jirani, hicho ni cha serikali," nikamwambia.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "hata hili dume linalipa ushuru mnadani. Acha serikali inishikie kamba kidogo."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaenda kwa mtendaji wa mtaa, nikamweleza. Hakuinuka hata kwenye kiti. "Kigingi kina wenyewe, mama. Watakuja kukirudisha."

Waliokuja ni wenye sururu.

Laini bado naitaka. Naitaka ipite kwenye mawe kama tulivyoambiwa. Huko ofisini kwa wenye laini wananijibu kwamba alama ni alama. Basi nawataja: jirani aliyehamisha kigingi, mtendaji aliyeambiwa akakaa, na injinia aliyeacha njia ya umeme wa mji mzima ishikwe na vijiti, asirudi kuangalia. Njooni na ramani yenu, msimame ukingoni mwa shimo, mnijibu mbele ya watu: jiko langu analijenga nani?